Nilivyokiokoa Kihamba cha Baba

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu ya Karume. Mvua tangu alfajiri. Ronald kapiga simu kutoka Dar.

Ronald ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kwa mila za hapa Kibosho, kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya baba na kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka. Mimi kifungua mimba nikapewa kipande cha chini, kando ya jirani Filemon. Sikulalamika. Nililalamika miaka michache tu.

Sasa Ronald anauza. Kihamba chote cha juu! Migomba, mibuni, nyumba, zizi. Amepata mnunuzi atakayekata viwanja na kujenga nyumba za watu wa mjini wanaotaka kuamka wakiuona mlima dirishani. Mama atahamia kwake Goba. Atapewa chumba chenye feni. Akaniomba nisimwambie Mama, atamwambia mwenyewe akija Pasaka.

Nikamwahidi. Kisha nikaenda kumwambia Mama. Aliuliza kama ng'ombe wamekatiwa majani.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Moyo umeniuma sana. Ile mibuni tuliipanda na baba nikiwa darasa la tatu, mimi nikishika mche, yeye akishindilia udongo kwa kisigino. Zamani ukishuka kwenda mjini ulipita migomba mpaka ukachoka kuiona. Leo ni mabati ya rangi na kuta. Kila mwaka nyumba zinapanda mlima kidogo. Chini ya kanisa kuna mtu kang'oa mibuni yote, kaweka geti linalofunguka lenyewe. Likifunguka, ndani hakuna hata mgomba mmoja.

Kwetu halifiki. Mimi ni mtu wa mikakati.

Mke wangu Mektrida aliposikia neno mikakati aliweka mwiko chini. Akauliza safari hii ataumia nani.

Jumatano, 9 Aprili

Dalali amekuja. Anaitwa Godlove, kijana wa Pasua, ana simu mbili na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kibosho, Aprili! Alinisalimia shikamoo vizuri kabisa, jambo lililonikera, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa utovu wa adabu. Akazunguka akipiga picha. Akaniambia hapa ni Ulaya ndogo, vyuu ya mlima, maana yake mandhari, ni bure, kinachouzwa ni ardhi tu. Mnunuzi anafika kesho na gari lake.

Nikamuuliza gari gani. Kubwa, akasema.

Vizuri. Gari kubwa ni zito.

Mkakati: barabara yetu inapita chini ya mfongo, mfereji wa maji waliochimba babu zetu. Ukibomoa ukingo mahali panapofaa, maji yote yanamwagika barabarani. Mahali panapofaa napajua kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfongo.

Nimebomoa jioni, wakati wenzangu wako Njia ya Msalaba. Jembe moja tu. Maji yameshuka kwa furaha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkakati umefanikiwa. Gari limekwama. Limekwama mlangoni kwa Mama.

Mnunuzi ni Bwana Sifael, mtu wa Machame aliyezeekea Dar. Mtu mzima, kofia, sauti ya upole. Nilitaraji atafoka, ageuze, asirudi. Badala yake Mama alitoka na mwavuli, akamwambia mgeni hasimami kwenye mvua, akamwingiza jikoni. Akampa mtori. Bakuli la kwanza Sifael hakusema neno. La pili akasema hajala mtori wa namna hii tangu mama yake afariki. La tatu akavua koti. Nikakaa naye kumweleza ubaya wa mahali. Baridi, nikasema. Akasema baridi ndiyo anayoitafuta. Matope. Akasema matope ni rutuba. Upweke. Akafumba macho kama mtu aliyeahidiwa pepo.

Kabla ya kuondoka alimwambia Godlove kwamba kama kuna kipande kingine jirani, angependa kukitazama pia.

Kisha likaja suala la kulikwamua gari. Wanaume walikuwa wachache. Nikasukuma. Nimekula matope mpaka kwenye meno. Sifael alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema watu wenye moyo kama wangu ndio anaotaka kuwa jirani yao.

Gari la maziwa halikuweza kupanda. Maziwa ya Mektrida yameganda kwenye kopo. Ameyaweka mezani mbele yangu, bila kikombe, akaenda kulala.

Ijumaa, 11 Aprili

Kikao cha dharura cha kamati ya mfongo. Ajenda: nani kabomoa ukingo. Mwenyekiti: mimi.

Filemon alisema ni kazi ya mtu, alama ya jembe inaonekana. Filemon ana macho ya mwewe na roho ya mwewe. Nikasema hata fuko huacha alama. Akasema hajaona fuko mwenye jembe. Wajumbe wakacheka, nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo. Nikapendekeza tuandike kuwa ni fuko na kazi iendelee. Ikapita. Kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyemtambua mhalifu, wakaazimia mwenyekiti akarabati.

Nimekarabati siku nzima. Mgongo umekataa kunyooka.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa nimekwenda kwa Mama, nikamkuta anapanga nguo kwenye sanduku.

Amekubali! Nilisimama pale na tawi langu mkononi. Anasema Ronald akija atamwambia yuko tayari, asiwe na wasiwasi. Nikamuuliza kihamba je. Akasema kihamba ni cha Ronald, baba yenu alisema hivyo mbele ya ukoo, yeye si mtu wa kubishana na marehemu. Nikamuuliza kama anataka kwenda. Akasema anataka nimsogezee lile sanduku.

Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Mama yangu, ambaye hawezi kulala kama hasikii ng'ombe wakicheua, akalale chini ya feni! Na mimi nibaki chini yao wote, watu wa mageti, wakinimwagia maji ya bafuni mashambani. Chakula sikukigusa. Mektrida alikula sahani yake na yangu, akasema mtu mzima hafi kwa huzuni ya siku moja.

Nikawa nimelishika lile tawi. Nikalitazama. Wazo likaja lenyewe.

Masale!

Jumanne, 15 Aprili

Niandike mkakati wote, kwa faida ya vizazi vijavyo.

Sale ndilo mpaka wetu. Mzungu anaweka jiwe, serikali inaweka bikoni, Mchaga anapanda sale. Jiwe linahamishwa. Sale halihamishwi. Tangu tukiwa watoto tunaambiwa: mkono uliong'oa sale la mpaka hautaona mema. Nimewaona maprofesa, watu waliosoma ng'ambo, wakilizunguka sale la mpaka kana kwamba ni nyoka aliyelala.

Sasa basi. Nikipanda mstari wa masale katikati ya kihamba cha Ronald, Sifael atafika kutia saini, atayaona. Naye ni Mmachame, Mchaga kama sisi, hahitaji kufafanuliwa. Atajua shamba lina mgogoro. Atakimbia. Na hakuna mtu chini ya jua hili atakayethubutu kuyang'oa. Sale linashika haraka wakati wa masika, unachomeka tu kijiti.

Nilikata vijiti mzigo mzima kwenye ua wangu. Nikatoka kabla hakujakucha vizuri. Ukungu! Sijauona ukungu kama ule. Ukinyoosha mkono unaukosa. Nikasema hata ukungu uko upande wangu. Nikaufuata mfongo mpaka unapogawanyika, nikashika tawi lake linalokwenda kwa Mama, nikaanza kuchomeka. Hatua, kijiti. Hatua, kijiti. Mstari ulionyooka kuliko wa mpima yeyote. Migomba kulia, migomba kushoto. Nilipomaliza vijiti nilikuwa nimelowa mpaka mifupani, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu ujana.

Nimelala mpaka mchana. Mektrida ananitazama kwa mashaka. Mwache atazame.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi kumebishwa hodi. Filemon. Nyuma yake Mama Doris, mwenyekiti wa kitongoji. Nyuma yao wazee wawili wa ukoo na pipa dogo la mbege.

Filemon alikuwa amevaa koti la kanisani. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alisema marehemu baba yake aliudai mpaka ule mpaka anakata roho, na marehemu baba yangu akakataa mpaka anakata roho, na yeye alikuwa ameshakata tamaa. Lakini jana ameamka, akaona masale. Mabichi! Yaliyonyooka! Kwa mkono wangu mwenyewe, maana ameziona nyayo zangu, buti la kushoto lililotoboka. Akasema Kwaresima hii Mungu amenigusa.

Nikatoka nje bila kuaga. Nikakimbia.

Ni kweli. Mfongo unagawanyika mara mbili. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, nilishika tawi la kushoto. Tawi la kushoto halipiti kwa Mama. Linapita kwangu. Nimekata shamba langu mwenyewe, juu mpaka chini. Mistari mitatu ya migomba iko kwa Filemon. Mparachichi uko kwa Filemon. Mparachichi wangu mkubwa, uliojaa matunda!

Nikarudi taratibu, nikifikiri. Nikisema nimekosea, wataniuliza nilikuwa napanda wapi. Nikisema kwa Ronald, nimekuwa mwizi wa ardhi ya ndugu yangu mbele ya wazee. Nikasema kwamba, naam, Mungu amenigusa.

Wakashangilia. Mama Doris akasema nitakuwa mfano katika mkutano wa kitongoji. Mzee mmoja akabariki mpaka, akakumbusha yatakayompata atakayeuvuruga, akataja viungo vya mwili kimoja kimoja. Kisha wakanipa kata ya mbege ninywe kwanza, kama mtoaji. Tangu Jumatano ya Majivu sijaonja mbege, nilikuwa nimejinyima. Nikanywa. Ilikuwa tamu sana na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mektrida alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Watu walipoondoka aliniuliza swali moja tu: kama nina vijiti vimebaki, ili avifiche.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ronald amefika. Kanenepa. Amenikumbatia, ameniita kaka, ameniletea shati. Linanitosha vizuri. Nimelichukia.

Tumekwenda wote ibada ya Msalaba. Njiani nilimwambia wazi: usiuze. Bila mkakati, maneno tu. Nikamwambia kuhusu mibuni, kuhusu kisigino cha baba. Akasema anaikumbuka. Akasema kahawa hailipi, watoto wake hawajui hata panga linashikwaje, na yeye ana hofu kila simu ikiita asubuhi, akidhani Mama kaanguka zizini peke yake. Akasema anataka Mama awe karibu naye.

Sikutaraji kwamba angekuwa na sababu.

Mama amemwambia yuko tayari. Sanduku liko mlangoni. Kesho Sifael na Godlove wanakuja kukamilisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Walifika. Tulikaa sebuleni kwa Mama. Sifael na kofia magotini, Godlove na makaratasi, Ronald na kalamu, mimi na Mektrida pembeni. Mama amevaa kitenge cha sikukuu, kikoba mapajani, mtu wa safari kabisa.

Ronald aliposhika kalamu, Mama akasema samahani. Akasema amekubali kwenda, hana neno, ila angependa kuuliza mambo kidogo ya mtu wa shamba, ili asije akawa mzigo. Ng'ombe wawili watafungwa wapi Goba? Ronald akasema, kwa upole, Goba hakuna pa kufunga ng'ombe, uwanja wote una vigae. Mama akasema haya, watauzwa.

Akauliza: na yeye atazikwa wapi?

Ronald akasema Mama usiseme hivyo. Mama akasema hafi leo, ana safari, anauliza tu apajue, kama mtu anavyouliza choo kiko wapi akifika ugenini. Pale uani kwa Ronald, kati ya geti na nyumba, patatosha? Ronald akasema pale anaegesha gari. Akasema kuna makaburi ya jiji. Mama akauliza atalala na akina nani huko. Ronald akaiweka kalamu mezani.

Mama akasema haya. Basi limebaki la baba yenu. Akanyoosha mkono kuelekea dirishani, kwenye mibuni, pale alipolala baba chini ya msalaba wa zege. Akauliza kama yeye naye anahama, na kama anahama atapanda basi gani, au kama ameuzwa pamoja na kiwanja. Aliuliza bila hasira. Alitaka kujua tu.

Sifael akamgeukia Godlove, akamuuliza kwa nini hakuambiwa kuna kaburi. Godlove akasema liko kona, halisumbui, lingewekewa bustani juu. Sifael akasema baba yake naye amelala Machame, kwenye kihamba. Akavaa kofia. Akampa Mama mkono, akamwita mama, akashukuru kwa mtori. Nilisikia gari likiteremka.

Ronald alitoka. Nilimwona dirishani akisimama kwenye kaburi. Alisimama sana. Mabega yalikuwa yakicheza. Kisha akaja jikoni akaomba panga, akaingia kwenye migomba kukata majani makavu, na suruali yake ya mjini. Anakata vibaya. Hakuna aliyemsahihisha.

Nami nililia. Naandika hivyo mara moja na sitarudia.

Jioni Ronald akasema hauzi. Atakuwa anapanda basi kila mwezi, na atamwekea Mama msichana wa kumsaidia zizini. Mama akasema kila mwezi ni mara nyingi mno, nauli ghali. Akaniomba nimrudishie sanduku chumbani.

Kihamba kimepona!

Sasa nimekaa hapa natafakari, na ukweli uko wazi. Gari la Sifael lilipopanda asubuhi lilipita kando ya masale yangu. Mtu wa Machame hawezi kuyapita masale mabichi asiyaone. Alifika hapa moyo umeshaingiwa baridi. Mama alimalizia tu. Nilimweleza hivyo Mektrida. Alizima taa, ingawa nilikuwa bado naandika.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Jana padri amenitaja kwenye mahubiri. Ndugu mmoja wa parokia hii, alisema, amempa jirani yake mpaka bila kuombwa. Kanisa zima likageuka. Filemon aliinuka akanipa amani, ingawa haukuwa wakati wa kutoleana amani.

Leo Filemon amechuma maparachichi. Amejaza viroba. Mtu wa mjini kaja na pikapu kuyabeba. Filemon ameniletea mawili, ya zawadi. Mawili! Kutoka kwenye mti wangu!

Nikaenda kwa Mama Doris, nikamuuliza, kwa mfano tu, kama mtu amepanda sale kwa ukungu. Akasema ukungu hauna mikono. Sale halichomolewi, na mimi niwe wa mwisho kuuliza, kwa kuwa jina langu liko kwenye mahubiri.

Ronald ameondoka na basi la asubuhi. Mama yuko zizini. Nyumba imetulia. Nimekaa barazani na maparachichi mawili, nikifikiri kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kushinda vita moja.

Mimi siwezi kuyang'oa masale. Filemon hawezi. Hakuna mtu wa hapa awezaye. Lakini mtu wa kuja, asiyejua mila, mwenye trekta, angeweza. Asingejua hata alichong'oa!

Nimempigia Godlove. Alikuwa na huzuni, kapoteza dili kubwa, kijana wa watu. Nimemwambia hapa jirani yangu kuna shamba zuri, vyuu ya mlima ile ile, linafika barabarani. Nimemwambia Filemon ana watoto wanne Arusha wasiojua panga, wakisemeshwa vizuri watamsemesha baba yao. Nimemwambia pia, maana nimejifunza jambo Jumamosi, kwamba kwa Filemon hakuna kaburi lolote upande wa barabara.

Godlove amefufuka. Sifael hafai tena, anasema, lakini anaye mwingine, mtu wa Mwanza, hajali mambo ya masale. Anataka kujenga nyumba kumi na mbili na ukuta. Ukuta utafuata mpaka wa zamani, ameniahidi, mparachichi utabaki kwangu. Nyumba kumi na mbili upande ule hazimsumbui mtu. Zitakuwa kwa Filemon, si kwetu. Kihamba cha baba kiko salama kabisa.

Anakuja kesho na mpima. Ameuliza kama malori ya mchanga yanaweza kupita kwangu kwa muda, kwa kuwa kwa Filemon ni mteremko. Nimekubali. Itabidi tukate migomba michache tu, na ile mibuni ya pembeni.